Rangi Zinazopatana

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli shambani, ambako jembe lolote lenye makali litaipasua ardhi. Lakini kila methali ina mipaka ya milki yake, na hii hukoma mlangoni mwa fundi wa rangi. Kwake yeye kuchagua ni nusu ya kazi. Anaweza kuwa na mkono mtulivu, brashi laini na subira ya mvuvi. Walakini akiweka juu ya rangi moja rangi nyingine isiyopatana nayo, ustadi wake wote utakunjamana mbele ya macho yake kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Nataka kueleza namna ya kuchagua rangi ya msingi, rangi yenyewe na vanishi kwa ajili ya mabehewa madogo yatengenezwayo kwa mfano wa mabehewa ya reli. Huenda mtu akauliza kwa nini akili ya mtu mzima ishughulike na jambo dogo namna hii. Jibu langu ni kwamba kitu kidogo hakina mahali pa kufichia ila. Ukuta wa nyumba ukipakwa vibaya, mpita njia huona doa moja katika upana wote. Kibehewa kikipakwa vibaya huwa doa kizima. Tena yale yanayozifanya rangi zipatane au zigombane juu ya kitu cha shubiri moja ndiyo yayo hayo juu ya mlango, kitanda, mashua na gari.

Sanaa hii ina wapenzi wengi, hasa Uingereza, Ujerumani na Marekani. Kipimo kitumikacho zaidi duniani ni 1:87, yaani sentimita 87 za kitu halisi huwa sentimita moja katika mfano. Waingereza wengi hupendelea 1:76. Kwa kipimo hicho behewa la urefu wa mita 18 huwa na sentimita 24 hivi, nayo ni shubiri moja ya mkono wa mtu mzima. Vipande vya kuunganisha huuzwa vikiwa vya plastiki, vya bati la shaba au vya mbao, lakini vilivyo vingi ni vya mabehewa ya Ulaya na Marekani. Reli yetu ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 ukafika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma. Atakaye mfano wa behewa lake aghalabu hulazimika kulikata kwa mkono wake mwenyewe.

Ndivyo ilivyonilazimu mimi. Mjomba wangu alikuwa fundi rangi wa mabehewa katika miaka ya 1960, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa zingali chini ya uongozi mmoja. Uzeeni alipatwa na ugonjwa wa presha ya macho, ule unaokula uoni kutoka kandoni kuelekea katikati, hata akawa anautazama ulimwengu kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Daktari alimwambia kwamba dawa zingeweza kuichelewesha hasara iliyokuwa mbele, bali kilichokwisha kupotea kisingerudi. Mjomba akaniomba jambo moja: nimtengenezee behewa moja katika yale aliyoyapaka, kwa rangi zake hasa, apate kuliona kabla tundu halijafungwa. Behewa lenyewe lilikuwa limekwisha kukatwakatwa na kuuzwa kwa uzito wa chuma. Picha alizokuwa nazo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa kadiri nilivyojua, rangi za behewa lile zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, napo ni kichwani mwake.

Nilikata kuta za behewa hilo katika bati la shaba ya manjano kwa msumeno mwembamba kama uzi, dirisha baada ya dirisha, kwa miezi minne. Zilikuwa kuta mbili, na sikuwa na nyingine. Kwa hiyo nilipofikia rangi nilijua kwamba mkononi mwangu mna amana mbili: kazi ya miezi minne ambayo rangi mbaya ingeweza kuiharibu kwa dakika moja, na kumbukumbu ya mzee ambayo muda ulikuwa ukiinyemelea.

Sasa tuangalie rangi ni kitu gani. Rangi yoyote ya kopo ina vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni unga, ambao huleta weusi, wekundu au weupe. Cha pili ni utomvu, ambao huufunga unga huo na kuushikiza mahali pake. Cha tatu ni kiyeyushi, ambacho huufanya utomvu uwe majimaji upate kutandazwa, kisha huruka hewani kikaondoka. Unga huonekana na kila mtu, na kwa sababu hiyo mnunuzi asiyejua huchagua kopo kwa rangi ya kifuniko chake. Mjuzi huligeuza kopo akasoma nyuma. Hutafuta utomvu ni wa namna gani na kiyeyushi ni kipi, maana ugomvi wa rangi hautoki katika unga. Hutoka katika viwili hivi visivyoonekana.

Jamaa za rangi zitumiwazo katika kazi hii ni tatu. Ya kwanza ni laka ya selulosi. Kiyeyushi chake ni kikali, na laka hukauka kwa kuondoka kwa kiyeyushi hicho peke yake. Ukikirudisha juu yake, hata baada ya mwaka, laka italainika na kuyeyuka tena. Ya pili ni enameli. Kiyeyushi chake ni kipole, cha jamii ya tapentaini na mafuta ya taa. Enameli hukauka mara mbili: kwanza kiyeyushi huondoka kwa muda wa saa chache, halafu utomvu huchukua oksijeni ya hewani na kujifunga polepole kwa siku nyingi. Ya tatu ni akriliki ya maji. Hii ni chembe ndogo mno za utomvu zinazoelea majini. Maji yakiondoka, chembe hukaribiana, hubanana, na mwishowe huungana zikawa ngozi moja. Hapa pana mtego mdogo. Makopo mengine ya kupulizia huandikwa akriliki, lakini kiyeyushi kilichomo ni kikali kama cha laka. Jina la utomvu halitoshi; hapana budi kujua pia unasafiri katika nini.

Kutokana na tabia hizi hutoka sheria moja, nayo ndiyo mama wa sheria zote za kazi hii: kali itangulie, pole ifuate. Rangi yenye kiyeyushi kipole ikiwekwa juu ya laka iliyokauka, kiyeyushi hicho hakina nguvu ya kuiamsha laka iliyolala chini. Rangi yenye kiyeyushi kikali ikiwekwa juu ya enameli, kiyeyushi hupenya, huvimbisha enameli ambayo haijajifunga sawasawa, na ile enameli ikikosa nafasi ya kutanukia kandoni huinuka juu kwa mikunjo. Rafiki yangu mmoja alilipaka behewa lake enameli nzuri ya kijani. Siku ya tatu, alipoona haishiki tena kidole, akalipulizia laka angavu ya magari ili ling'ae zaidi. Kabla hajaliweka kopo chini, kijani kilikuwa kimekwisha kujikunja kama uso wa kizee. Laka ile ilikuwa nzuri, na enameli ile ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa la kuzikutanisha.

Hata hivyo sheria hii haianzi juu ya rangi ya kwanza. Huanza juu ya kitu kinachopakwa, maana nacho ni tabaka. Plastiki itumiwayo sana katika vipande vya mabehewa ni polistirini, nayo huyeyushwa na viyeyushi vikali. Laka ya selulosi ikimwagwa juu yake kwa wingi hula michoro midogo ya misumari na bawaba ambayo mtengenezaji aliichonga kwa taabu. Basi plastiki hutaka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mbao hunywa, hutaka kwanza kitu cha kuziba vinyweleo vyake, kisha msasa mwembamba, kisha tabaka jingine, mpaka nyuzi zake zitulie. Shaba na bati havinywi kitu wala havina vinyweleo, na juu yao rangi ya kawaida hukaa kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti. Hivi hutaka rangi ya msingi yenye asidi kidogo, aghalabu asidi ya fosforiki, ambayo huung'ata uso wa madini na kujishikiza hapo.

Lakini asidi haing'ati penye mafuta. Kuta zangu za shaba nilizilehemu, na dawa ya kulehemu huacha masalio ambayo baadaye hutokeza kijani chini ya rangi. Nikazisugua kwa brashi na maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikazisuuza, nikaziacha zikauke, na tangu hapo sikuzigusa tena kwa kidole kitupu. Kidole safi cha binadamu kina mafuta ya kutosha kuikataza rangi isishike. Mtu akiniuliza ni rangi gani ya msingi iliyo bora kuliko zote, humjibu kwamba sabuni imeitangulia.

Jambo la pili ni unene, na hapa hesabu yatufaa. Chukua tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu ya behewa halisi si kitu. Lakini juu ya kibehewa cha kipimo cha 1:76, unene huohuo ni sawa na kulipaka behewa kubwa rangi ya unene wa milimita 7.6, yaani karibu unene wa kidole kidogo cha mtoto. Milango itapoteza mistari yake na vitasa vitazama. Ndiyo sababu fundi wa vitu vidogo huchagua rangi ambayo unga wake umesagwa mwororo sana, huizimua kwa kiyeyushi chake yenyewe na si cha rangi nyingine, naye huweka matabaka mengi membamba mahali pa moja zito. Rangi ya nyumba, hata iwe ya thamani namna gani, haifai hapa.

Kadhalika rangi ya msingi ina rangi yake, nayo huonekana hata ikiisha kufunikwa. Manjano, nyekundu na malai ni rangi ambazo mara nyingi hazifuniki vyema. Huacha kilicho chini kipenyeze sura yake. Malai juu ya kijivu huonekana chafu, na juu ya nyeupe huonekana changamfu. Mjomba alinieleza kwamba behewa lake lilikuwa malai sehemu ya juu penye madirisha, na chini nyekundu iliyoiva, iliyokaribia rangi ya damu ya mzee. Basi juu ya ile rangi ya msingi yenye asidi, ambayo ilikuwa ya kijivu, niliweka nyeupe nyembamba upande wa juu na nyekundu ya kutu upande wa chini. Kisha nikapaka malai kwanza. Ilipokuwa ngumu niliizibia kwa utepe, nikapaka nyekundu, kwa kuwa nyekundu huweza kuifunika malai iliyovuka mpaka, wala malai haiwezi kuifunika nyekundu. Katika rangi, iliyo dhaifu hutangulia kuingia nyumbani ikafungiwa mlango.

Rangi hizo mbili zilikuwa za enameli, na enameli ni rangi ya subira. Hapa ndipo nilipojaribiwa. Mjomba alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala, akiongozwa na mjukuu wake, kuuliza kazi imefika wapi. Na kila alipokuja nilimwona akigeuza kichwa zaidi ili akipate kile alichokuwa akikitazama. Ningeweza kuiweka vanishi siku ya tatu. Rangi ilikuwa imekauka kwa kidole. Lakini kukauka si kuwa ngumu, na kipimo cha ugumu wa enameli ni pua: maadamu unasikia harufu yake ukiisogeza karibu, bado kuna kiyeyushi kinachotoka, na kukifungia chini ya vanishi ni kutafuta nyufa. Nilimweleza mjomba kwamba yataka majuma mawili, nikamwambia pia kwamba naogopa majuma hayo kwa ajili ya macho yake. Akasema, "Mpwa wangu, rangi haina habari na macho yangu. Ngoja." Nikangoja.

Mbali na kungoja, sisi wa pwani tuna hasimu mwingine, naye ni unyevu. Kiyeyushi kikali kinaporuka upesi huupoza uso wa kitu kilichopakwa, na hewa ya Mombasa iliyojaa maji huacha umande wake hapo. Laka hugeuka ikawa na ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Rangi ya maji nayo katika hewa hiyo huchelewa kukauka na kukusanya vumbi. Kinyume chake, mahali pa joto kali na hewa kavu rangi ya kupulizwa huweza kukauka ikiwa bado i njiani, ikaangukia kazi kama mchanga. Mimi huchagua siku isiyo na mvua, tena saa ambazo jua limekwisha kuinyausha hewa na upepo wa bahari haujachangamka. Nasi tusisahau kwamba viyeyushi hivi hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru mapafu. Hupakwa mbali na jiko na taa ya moto, madirisha yakiwa wazi, na apulizaye hujifunika pua na mdomo kwa kinyago kinachozuia mvuke. Na yeyote aokotaye kichezeo cha bati cha zamani asikisugue kwa msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi, ambayo vumbi lake ni sumu.

Majuma mawili yalipotimia harufu ilikuwa imekoma. Nikaosha kuta taratibu, nikaweka herufi na namba. Hizi huchapwa juu ya karatasi, hulowekwa majini, kisha huteleza kutoka karatasini hata mahali pake. Hutaka uso unaong'aa. Uso usiong'aa, ukitazamwa kwa karibu, ni vilima na mabonde. Ngozi nyembamba ya herufi hulala juu ya vilima, na hewa inayobaki mabondeni huonekana kama mng'ao wa fedha kuizunguka kila namba. Kwa hiyo hata atakaye behewa lisilong'aa hana budi kuling'arisha kwanza, akaandika, ndipo alififishe kwa vanishi ya mwisho.

Na sasa nimefika kwenye vanishi, ambayo ina historia iliyopita mlangoni petu. Katika karne ya 19 mabehewa ya Ulaya yalipakwa matabaka mengi ya rangi, yakasuguliwa, kisha yakafunikwa kwa matabaka ya vanishi ya mafuta. Kampuni ya reli ya London and North Eastern ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1923, ilitengeneza mabehewa mengi ya mbao za msaji ambayo hayakupakwa rangi kabisa ila vanishi, uzuri wa mti upate kuonekana. Katika vanishi zilizosifiwa zaidi kwa ugumu katika karne ile ya 19 zilikuwamo zile zilizotengenezwa kwa sandarusi ya Afrika ya Mashariki. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, na iliyo bora ilikuwa ile iliyokaa ardhini kwa dahari ikawa ngumu kama jiwe. Watu wa Mrima waliichimba, ikapelekwa Unguja, na kutoka hapo merikebu zikaichukua mpaka bandari za mbali, mojawapo Salem katika Marekani. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa juu ya magari ya farasi, mabehewa na samani. Abiria wa nchi za baridi waliojitazama katika mng'ao wa milango yao huenda hawakujua kwamba walikuwa wakijitazama katika machozi ya mti wa pwani yetu.

Baadaye utomvu wa viwandani uliichukua nafasi ya sandarusi, lakini vanishi ya mafuta imebaki na tabia moja ya kale: hugeuka manjano. Juu ya mbao ya msaji manjano hayo ni uzuri. Juu ya malai ni hatari, na juu ya nyeupe ni msiba. Tena hugeuka zaidi ikiwekwa gizani kuliko mwangani, jambo ambalo wengi hawalitazamii. Vanishi ya akriliki hukaa angavu kwa muda mrefu zaidi, nayo, ikiwa ya maji, haiwezi kuiamsha enameli iliyo ngumu. Kwa sheria ya kali na pole, zote mbili zilikuwa halali juu ya kazi yangu. Kilichobaki ni kuchagua.

Mjomba alitaka ya mafuta. Ndiyo aliyoitumia maishani mwake, na aliniambia wazi kwamba behewa lake lisipakwe kitu ambacho yeye hakukijua. Sikumbishia kwa maneno. Mimi nina desturi ya kupaka kila mpango wa rangi juu ya kipande cha bati kwanza, tabaka kwa tabaka, kwa zamu na muda uleule, kisha kukiandika tarehe na kukiweka sandukuni. Nikamtolea kipande cha malai nilichokuwa nimekipaka vanishi ya mafuta miaka sita nyuma kwa ajili ya majaribio, na kingine kipya cha malai ileile chenye vanishi ya maji. Alivipapasa kwa kidole gumba, kwanza kimoja kisha kingine, kama fundi anunuaye msasa. Halafu akavileta karibu na tundu lake la uoni, mbele ya dirisha, akakaa kimya kwa muda mrefu.

"Hiki cha kwanza kina mkono wangu," alisema, "lakini rangi si yangu. Ukilipaka hivi, miaka ishirini ijayo watu watasema behewa letu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mimi sitakuwapo kuwakanusha. Paka hiki cha pili."

Maneno hayo yalinifundisha zaidi ya makopo yote. Kulikuwa na uaminifu wa aina mbili, na havikuweza kukaa pamoja juu ya bati moja: uaminifu kwa kitu kilichotumika, na uaminifu kwa kile kilichoonekana. Mzee aliacha cha kwanza, ambacho kilikuwa ni fahari yake, akachagua cha pili, ambacho kilikuwa ni ushahidi kwa watakaokuja. Nikaitikisa vanishi sana, maana ile ya mng'ao wa wastani hufifishwa kwa unga mwororo wa silika ambao hutua chini ya chupa. Isipotikiswa nusu ya behewa hung'aa na nusu hufifia. Nikaiweka nyembamba mara mbili. Ijumaa iliyofuata mjomba aliliona behewa lake. Alilisoma namba kwa sauti, moja moja, akiisogeza shaba mbele ya tundu lile, mpaka akafika mwisho wa ukuta.

Wanafunzi wapenzi, si kila mmoja wenu atatengeneza vibehewa, lakini kila mmoja atapaka kitu. Kabla ya kufungua kopo, jiulize mambo matano. Ninapaka juu ya kitu gani, nacho ni safi? Rangi hii husafiri katika kiyeyushi gani, kikali au kipole kuliko cha ile iliyo chini? Iliyo chini imekauka tu, au imekuwa ngumu? Unene wake utafunika nini? Na vanishi nitakayoimalizia itasema nini juu ya rangi hii baada ya miaka mingi, mimi nisipokuwapo kuitetea? Majibu yakiwa mema, chukua kipande cha bati kisicho na thamani ukajaribu hapo kwanza. Bati baya likikunjamana, umepoteza bati. Ukuta mwema ukikunjamana, umepoteza miezi minne. Mchagua jembe huenda asiwe mkulima, lakini fundi wa rangi asiyechagua hana kazi ya kuonyesha.